Mkia wa Nyenga na Unga wa Bungua

Juzi kijana mmoja wa machimboni alikuja hapa kwangu. Alinipa shikamoo nzuri, kofia ameivua, na mkononi ameniletea sukari. Nikafurahi. Nikadhani amekuja kuniuliza habari za kazi, maana mimi nimetia nguzo migodini tangu ujana wangu, na mtu akitaka kujua namna ya kuuzuia udongo usimwangukie, bado nipo na akili zangu zipo. Akakaa, akapewa chai, akajikohoza, kisha akaniuliza: "Mzee Deo, ule mkia wa nyenga wa bosi Makoye, siku hizi mtu anaweza kuupata wapi?"

Chai ilinipalia. Mke wangu alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimeshikwa na ugonjwa. Kijana wa watu akabaki ananitazama, hajui amekosa nini, na kwa kweli yeye hakukosa, aliyasikia hayo kwa wakubwa zake. Nilimwambia amalizie chai yake aende, nikitulia nitamjibu. Sijatulia mpaka leo, lakini jibu ninalo, na nimeona nisimpe yeye peke yake. Nawaandikia ninyi nyote mnaoshuka chini ya ardhi mkiwa na tochi vichwani.

Nitawaeleza habari za viumbe wawili. Mmoja ni nyenga, samaki wa baharini, mpana, mwenye mkia mrefu na mwiba. Wengi wenu hamjamwona, na mimi mwenyewe sijamwona akiwa hai. Wa pili ni bungua, mdudu anayetoboa miti, ambaye bila shaka yumo ndani ya kitanda unachokilalia. Wa kwanza anasifiwa bure. Wa pili alimuua shemeji yangu Masanja, halafu watu wazima wenye ndevu zao wakaenda kumbebesha lawama dada yangu Veronika, mke wa huyo huyo Masanja, wakasema ni mchawi. Ninaandika kwa ajili ya jina la dada yangu. Mengine yote mtakayoyasoma hapa ni kuni tu za kulipikia hilo.

Nyenga nilianza kumjua Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, mbali kabisa na bahari. Mgodi mkubwa nilikojifunzia kutia nguzo ulikuwa umeshafungwa, nami kijana mwenye nguvu zangu nikawa sina pa kuzipeleka. Nikapokelewa na Mzee Shomari, seremala wa Pangani aliyekuja bara kufuata kazi za reli na hakurudi tena kwao. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kanzu ya Ijumaa na kaptula ya siku nyingine zote. Kwenye kisanduku chake cha vifaa alikuwa na kipande cha ngozi ngumu, ya kijivu, yenye chembechembe kama changarawe iliyomwagwa juu ya gundi. Siku ya kwanza niliishika nikadhani ni ya kenge.

"Kenge wa wapi, mwanangu? Huyo ni nyenga," akaniambia. "Huo ndio msasa wa baba yangu, na wa babu yangu."

Miaka ile msasa wa dukani uliadimika kama sabuni. Mafundi wengine walikuwa wanasugua mbao kwa vipande vya chupa mpaka vidole vinatoka damu. Sisi tulikuwa na ngozi ya nyenga. Unaipitisha taratibu kufuata uzi wa mbao, hukandamizi, unaiacha ifanye kazi yenyewe. Ukikandamiza unachora mbao michirizi, na Mzee Shomari anakuchora wewe kwa maneno. Alikuwa na ulimi ambao siwezi kuuandika hapa, maana wengine mtasoma mbele ya watoto.

Nilimuuliza kama nyenga anakula watu.

"Ale watu kwa mdomo upi? Mdomo wake uko chini ya tumbo, wa kusagia kaa na chaza. Analala mchangani, amejifukia, amebakisha macho. Wewe usimkanyage, naye hana habari nawe."

"Na nikimkanyaga?"

"Hapo utamwita mama yako kwa jina lake la utotoni."

Akanieleza kwamba wavuvi wa kwao wakishuka kwenye maji mafupi hawainui miguu, wanaiburuza. Nyenga akisikia mchanga unatikisika anaondoka zake, maana hataki ugomvi. Aliniambia pia kwamba nyenga hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, nami nikabisha mchana kutwa, samaki gani azae kama mbuzi. Baadaye mwalimu mmoja mteja wetu alithibitisha.

Habari za mkia alinipa kwa ufupi na uso wake ukabadilika. Mkia wa nyenga ukikaushwa, alisema, unakuwa mjeledi, na zamani kwao mabwana wakatili walikuwa wanautundika ukutani kwa kazi hiyo. "Ngozi yake naitumia. Mkia siutii nyumbani mwangu. Umepiga watu wengi wasiokuwa na kosa." Akarudi kwenye randa yake.

Sasa mtazameni bungua. Nyenga ni mpana kama ungo wa kupepetea mtama, na wapo wanaozidi hapo. Bungua tuliyekuwa tunapambana naye hafikii punje ya mpunga. Nyenga hujificha chini ya mchanga na bungua hujificha chini ya gome, hapo wamefanana. Lakini nyenga akikuumiza unajua palepale, unaruka, unapiga kelele, watu wanakuja. Bungua anakuumiza bila wewe kujua. Anataga mayai kwenye nyufa za gome, mayai yanakuwa funza, funza wanakula ule weupe wa mti kwa miezi huku nje nguzo inaonekana nzima kabisa. Wakikomaa wanatoboa kitundu wanatoka, na kitunduni unamwagika unga laini, wa manjano, mzuri kuutazama. Nyenga ukiburuza mguu anakupisha. Bungua hakupishi hata ukimpigia ngoma.

Kwa hiyo shikeni haya, maana ndiyo niliyolipiwa mshahara maisha yangu yote. Mti ukishakatwa, gome limenywe siku hiyohiyo, usiseme kesho. Ule weupe wa nje ndio chakula chake. Kiini chekundu cha mninga hakipendi, meno yanamkataa. Mgunga ni mti mgumu na watu wanauamini, lakini weupe wake kwa bungua ni ugali na maziwa. Kama huna mninga, loweka magogo bwawani mpaka maji yageuke rangi na kunuka, ule utamu wa mti utoke, kisha uyaanike kivulini. Nguzo ikishasimama, igonge kwa nyundo ndogo kila unapoanza kazi. Nzima inalia kwa sauti kali, iliyoliwa inalia kizito kama mtu aliyeziba mdomo. Fagia chini yake ukiondoka. Ukirudi ukakuta unga mpya, bungua yumo kazini, na wewe toka kazini. Kwenye ule mgodi mkubwa wa zamani magogo yalikuwa yanapikwa kwa mafuta meusi ya dawa, na bado msimamizi wetu alikuwa anagonga kila nguzo. Kuyaona magogo kwa macho tu hakukumtosha.

Na msije mkadhani rangi inasaidia. Kulikuwa na fundi mwenzetu pale Kambarage, simtaji kwa sababu wajukuu zake ni watu wazuri, aliyetengeneza mabenchi ya kwaya kwa mbao za mgunga mbichi. Pembeni gome lilikuwepo bado, akalipiga rangi nzito ya kahawia, likang'aa. Paroko akasifu. Jumapili ya Pasaka, katikati ya Aleluya, sauti ya kwanza yote ikakaa sakafuni kwa mara moja, akina mama wazima wenye vitenge vipya, vumbi la manjano likapanda mpaka altareni. Kwaya nyingine ingenyamaza, lakini sauti ya nne walikuwa wamesimama nyuma hawajaona kitu, wakaendelea kuimba peke yao. Aliyeitwa kutengeneza mengine alikuwa Mzee Shomari, Mwislamu. Pale kanisani alijikaza sana, akapima, akaandika. Tulipofika njiani ilibidi akae juu ya jiwe acheke mpaka machozi yakamlowesha ndevu.

Ninacheka na mimi nikikumbuka. Ya Geita hayachekeshi.

Miaka ya themanini dhahabu ilikuwa imewaita watu kutoka kila upande, nami nikaenda, kwa sababu shemeji yangu Masanja aliniita. Alikuwa mtu wa Kisukuma, mrefu, mpenda utani, na alimpenda dada yangu bila kujificha, jambo ambalo wanaume wa rika letu waliliona la ajabu. Alikuwa kiongozi wa wachimbaji kwenye duara la bosi Makoye. Duara ni shimo la kushuka wima, na matimba ni magogo yanayopangwa kushikilia kuta zake. Masanja alimwambia bosi kwamba ana shemeji fundi wa matimba, bosi akasema aje.

Nilipofika, matimba yalikuwa yameshatiwa. Walioyakata waliyaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe na kuyapanga hivyohivyo, mgunga mtupu, gome limeng'ang'ania. Na pale mdomoni mwa duara, kwenye kigingi, kulikuwa kumetundikwa kitu cheusi, kirefu, kilichokauka. Nilikitambua kabla sijaambiwa. Ulikuwa mkia wa nyenga.

Uliletwa na mganga mmoja aliyejitangaza kuwa mtu wa pwani. Mimi niliyekaa na Mzee Shomari miaka yote ile nilimsikiliza kidogo tu, nikajua huyu pwani ameiona kwenye ramani. Alikuwa amewaambia kwamba udongo unaogopa mwiba wa nyenga, hivyo duara lenye mkia huo haliwezi kuanguka. Tena akawaambia mwanamke asisogelee, mkia hautaki. Haya, waganga wana masharti yao, nimeyasikia mengi nikayaacha yapite. Lakini lipo moja alilowaambia ambalo sitamsamehe, awe hai au awe amekufa.

Wale vijana walikuwa wakishuka wanakuta unga wa manjano kwenye mabega ya matimba. Walimuuliza mganga ni nini. Akawajibu: "Hiyo ni dhahabu inatoa jasho."

Basi kila mtu kabla ya kushuka alikuwa anachovya kidole kwenye ule unga, anajipaka kwenye paji la uso, ndipo anakamata kamba. Na kwa kuwa ni jasho la dhahabu, ikawa mwiko kuligusa timba lolote lililotoa unga. Matimba mengine wangeweza kuyabadilisha. Yale yaliyoliwa, hapana. Wanangu, nimeona ujinga mwingi, na wangu nimo, lakini sijawahi kuona watu wanajipaka kifo chao usoni kwa adabu namna ile. Masanja naye alijipaka.

Nilimwendea Makoye mbele ya watu wake, maana nilijua nikimwambia faragha atanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa halafu asifanye kitu.

"Bosi, shikamoo."

"Marahaba, fundi. Umeona duara langu?"

"Nimeliona. Matimba yameliwa, bosi. Tuwapumzishe watu, tubadilishe kuanzia huku juu."

"Yameliwa na nani?"

"Bungua."

Akawageukia vijana wake. "Mmesikia? Bungua! Mdudu ambaye hata kuku hashibi." Wakacheka. "Fundi, ule mkia unauona?"

"Nauona."

"Huyo ni nyenga. Baharini anaangusha mtu mzima."

"Bosi, hapa si baharini."

Hapo walicheka tena, na safari hii walimcheka bosi. Masanja ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Makoye hakulipenda hilo. Nami, kwa kuwa nimezaliwa na hasira hizi mnazozisoma, sikungoja. Nilitoa patasi, nikaiweka kwenye timba la mdomoni, nikaisukuma kwa kiganja bila nyundo. Ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipoichomoa, unga ukamwagika kama kwenye gunia lililotobolewa.

Nilitegemea watu watarudi nyuma. Wakaja mbele! Walikuja na mikono, na kofia, mmoja alivua shati, wanakinga ule unga usipotee chini. Wanagombania. Nimesimama na patasi mkononi nawatazama watu wazima wanagombania mavi ya mdudu, na nikakosa neno katika lugha zote ninazozijua, Kisumbwa, Kisukuma na Kiswahili.

Makoye akautoa mkia kwenye kigingi akanichapa nao. Mara moja tu, begani. Shati lilifunguka na nyama ikafunguka. Kovu lipo, na mjukuu wangu hupenda kulipitisha kidole akiniuliza ni mnyama gani alinikwaruza. Nadhani mimi ndiye mtu pekee aliyepigwa na nyenga katika wilaya yote ya Geita. Makoye akaniambia nimeitoboa bahati yake, niondoke, nisionekane tena pale. Masanja alikuwa hacheki tena. Alinisindikiza kidogo, akaniomba radhi kwa niaba ya bosi, akasema, "Shemeji, nikimaliza huu mwamba tuliouanza, nitatoka. Nimeshawaahidi wenzangu." Nikamwambia atoke sasa. Akasema, "Yaya, hapana, sitawaacha wenzangu katikati." Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa ahadi, na watu wa namna hiyo ndio wanaotumiwa vibaya siku zote.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Veronika. Alikuwa anaosha vyombo. Aliliona bega, nikamwambia yote, la mkia, la unga, la patasi iliyozama. Asubuhi yake alijifunga kitenge akaenda duarani. Alilijua sharti la mwanamke kutosogea. Kila mtu alilijua. Alisimama mdomoni kabisa, akainama, akaita:

"Baba Shija! Toka! Kaka amesema toka!"

Sauti ya Masanja ikaja kutoka chini, na wale waliokuwa juu wote waliisikia: "Rudi nyumbani, Mama Shija, unanitia aibu. Nakuja jioni."

Wakamfukuza. Mmoja alimrushia udongo. Alasiri wenzake Masanja walipanda kula, yeye akabaki chini kumalizia, na matimba ya juu yakakatika. Hayakutoa mlio mkubwa, walioshuhudia walisema ni kama mtu amevunja muhogo mkavu. Kisha udongo wote ukaenda. Niliitwa, nikaenda, nikachimba pamoja na wale wale waliokuwa wamegombania unga, na hakuna aliyeweza kunitazama usoni. Tulimpata. Mkia ulikuwa bado unaning'inia kwenye kigingi chake.

Ningedhani hapo watu wangepata akili. Matanga hayakuisha kabla maneno hayajaanza. Mkia hautaki mwanamke. Mwanamke alikuja. Alikuja kwa makusudi. Alilijua sharti. Mwisho wa wiki hata watoto waliokuwa wanachota maji naye kisimani walikuwa wanaambiwa wasichote naye tena. Dada yangu aliyekwenda kumwomba mumewe atoke ndiye aliyeonekana amemuua.

Nitalitanguliza jambo moja hapa, ingawa lilitokea baadaye, kwa sababu ndilo lililomleta yule kijana kwangu. Msimu uliofuata Makoye alifungua duara la pili na akanitumia mtu kuniita. Mke wangu alisema nikienda nisirudi nyumbani. Nilikwenda. Sikwenda kwa ajili ya Makoye, nilikwenda kwa sababu wapo watakaoshuka humo na wana wake zao. Nilichagua mninga mwenyewe, nikamenya mwenyewe, nikaloweka, nikaanika, nikagonga kila timba kabla halijashuka. Duara lile lilisimama mpaka dhahabu yake ikaisha wakaliacha. Makoye alikuwa ametundika mkia uleule mdomoni, na mpaka leo Geita nzima inasimulia duara la mkia wa nyenga ambalo halikuanguka. Hilo ndilo mnalolitafuta, vijana. Mnatafuta mkia, na matimba yaliyofanya kazi hiyo hamyaulizi hata yalikuwa ya mti gani.

Narudi kwa Veronika. Wazee wa pale machimboni waliitisha baraza kwenye uwanja wa nyumba ya Makoye. Walikuwa wamekaa kwenye viti, wachimbaji wamesimama, wanawake nyuma, na dada yangu ameketi chini peke yake, kitenge cha msiba amejifunga kichwani. Alikuwa anajua, nami nilikuwa najua, mtu akitangazwa mchawi pale kinachofuata ni nini. Nilikuwa nimechukua kipande cha timba lililovunjika, nimekifunga kwenye baiskeli. Nikaomba ruhusa nikakiweka katikati yao.

Nikasema: "Wazee wangu, naomba tunyamaze. Mwenye kikohozi akohoe kwanza."

Walikohoa, wakanyamaza. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha kikaanza, kre, kre, kre, kidogokidogo, funza ndani ya mti, anakula. Alikuwa hajui kama kuna msiba wala baraza. Mzee mmoja aliinuka akasogeza sikio. Mwingine akamfuata. Hata waliosimama nyuma walisikia, niliona kwenye nyuso zao. Makoye alikuwa anatazama viatu vyake.

Aliyekuwa anaongoza baraza, mzee wa makamo mwenye fimbo nyembamba, alirudi kwenye kiti chake akasema, "Nahene, ni kweli. Tumesikia wote. Mdudu yupo, na mdudu ndiye aliyekula timba."

Siwezi kuwaeleza furaha niliyoipata. Nilitaka kumkumbatia. Nilimtazama Veronika, naye kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa ameinua kichwa.

"Sasa tuulizane," yule mzee akaendelea, kwa sauti ileile ya upole. "Miti hapa ni mingi. Watu wanaoshuka ni wengi. Kwa nini mdudu huyu akakata timba wakati Masanja yupo chini peke yake? Nani aliyemtuma?"

Watu wakaguna kwamba hilo ni swali. Vichwa vyote vikamgeukia dada yangu.

Nimeshapigwa, nimeshafukuzwa kazi, nimeshaangukiwa na udongo mara mbili. Sijawahi kujisikia mnyonge kama pale. Unafanya nini na watu ambao umewasikilizisha ukweli kwa masikio yao wenyewe, wakauchukua, wakaugeuza kuwa kuni za kumchomea mtu yuleyule uliyetaka kumwokoa? Nilifungua mdomo nikaanza kufoka, sijui hata nilisema nini. Veronika akanishika mguu wa suruali.

"Kaka, kaa," akasema. Akasimama yeye.

"Wazee, shikamooni."

"Marahaba," wakaitika, kwa sababu hakuna namna ya kutoitika.

"Mnasema nina mdudu wa kutuma. Kama ningekuwa naye, asubuhi ile ningemtuma amng'ate Masanja kwenye unyayo. Uvimbe. Ashindwe kuvaa viatu. Abaki nyumbani kutwa nzima ananigombeza kwamba chai haina sukari."

Nyuma huko mwanamke mmoja alianza kulia, na wengine wakamfuata, mpaka yule mzee akagonga fimbo yake chini mara kadhaa ndipo wakanyamaza. Hawakumtangaza mchawi. Hawakumtangaza pia kwamba si mchawi. Waliinamiana, wakanong'ona, kisha akaambiwa kwa usalama wake aondoke pale kabla ya mvua.

Nilimpeleka Ushirombo nyumbani kwa baba yetu, yeye na watoto wake. Aliishi huko mpaka akazeeka, akawalea, akalima. Amezikwa huko, mbali na kaburi la mumewe. Makoye ng'ombe wake waliongezeka, na yule mzee wa fimbo alipofariki alizikwa kwa heshima kubwa. Tangu siku ile ya baraza mpaka tunamfukia Veronika, hakuna mtu hata mmoja wa machimbo yale aliyewahi kufika kumpa pole ya kufiwa na mume.